Kutoka kwenye ruta hadi kwenye PS: Wi-Fi, kebo, ripita au hotispoti ya simu?

Mpwa wangu alikuja likizo ya Juni na PS4 yake, mashine ya gemu ya PlayStation, kwenye begi la mgongoni, ameiviringisha ndani ya sweta mbili kama mtoto mchanga. Baridi ya Uyole, hapa Mbeya, mwezi huo haina mzaha. Madirisha yamefungwa, nyumba nzima imejazana sebuleni. Ruta yetu, ile ya kutia laini ya simu, inakaa chumba cha nyuma juu ya kabati, kwenye dirisha linalotazama upande wa mnara wa simu, kwa sababu ndipo inapokamata vizuri. Kati yake na TV kuna kuta mbili za matofali ya kuchoma. Siku mbili za kwanza sikusikia kingine: "Mjomba, inaganda! Mjomba, imenitoa!"

Siku ya tatu nikaingilia kati. Hadi likizo inaisha tulikuwa tumejaribu njia nne, na nyingine nimezifunga kwa majirani na jamaa toka Mwanjelwa hadi Tukuyu. Njia zenyewe ni hizi: Wi-Fi ya ruta moja kwa moja, kebo ya mtandao, ripita, kile kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena (pamoja na ndugu yake, ruta ya pili), na hotispoti ya simu. Ipo ya tano, adapta zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba. Nimeiacha nje. Inategemea sana nyaya zilivyotandazwa ukutani, ukichomeka kwenye ekstensheni au stabilaiza inadhoofika, na mimi sijaikuta kwenye maduka ninayopita.

Kwanza, ugonjwa uko wapi?

Mtandao una safari mbili. Ya kwanza ni kutoka duniani hadi kwenye ruta yako: mnara, faiba, bando. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine ya gemu. Kebo na ripita vinatibu safari ya pili tu. Watu wengi hununua dawa ya safari ya pili wakati mgonjwa ni ya kwanza, halafu wanalaumu duka.

Kipimo ni rahisi. Chukua kompyuta, kaa pale pale PS ilipo, unganisha Wi-Fi, fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika ping, acha nafasi, kisha anwani ya ruta. Anwani imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Kama huna kompyuta, zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo. Kinachorudi ni milisekunde ambazo ujumbe umetumia kwenda kwenye ruta na kurudi. Kule chumba cha nyuma tulipata 2, 3, 2, 3. Sebuleni tukapata 4, 6, 110, 5, 340, halafu mstari mmoja jibu halikurudi kabisa. Mpwa wangu alikodolea macho ile 340, akasema, "Ndiyo hiyo, Mjomba. Hapo ndipo ninapofungwa goli."

Kama namba za kwenda kwenye ruta zimetulia lakini gemu bado linasumbua, basi usinunue kitu chochote kati ya hivi ninavyolinganisha. Shida iko nje: mnara umejaa watu jioni, au bando limeshushwa kasi, au seva iko mbali. Hili la umbali halina fundi. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Toka Mbeya hadi Dar es Salaam, kwenye nyaya za baharini za SEACOM na EASSy, ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na hapo bado hujaanza safari ya Ulaya. Ukicheza na seva iliyoko Ulaya, hata uwe na kebo ya dhahabu, umbali ni ule ule. Kama mchezo wako unakuruhusu kuchagua eneo, jaribu Afrika Kusini kwanza.

Mashine yako inaweza nini

Hapa kuna mtego mmoja unaonasa watu kila siku. Ruta nyingi za sasa hutoa Wi-Fi mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ile ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi lakini ina msongamano. Ya 5 ni ya kasi na tulivu zaidi lakini huchoka mapema. Ya pili mara nyingi jina lake huishia na "5G", na watu hudhani ni ule mtandao wa simu wa kizazi cha tano. Sivyo. Ni masafa tu.

Sasa, PS4 ya kwanza, ile nene iliyotoka 2013, haina gigahezi 5 kabisa. Hutaiona ile Wi-Fi ya "5G" kwenye orodha hata ukae na ruta mapajani. Slim na Pro za 2016 zinayo. Kuitambua, geuza mashine usome namba yake: zinazoanza na CUH-10, CUH-11 au CUH-12 ni zile nene. PS3 nayo ni ya 2.4 tu. Xbox 360 za mwanzo hazina Wi-Fi ndani, zinahitaji adapta yake. Zile nyembamba za 2010 zinayo. Xbox One, Xbox Series na PS5 zote zinashika masafa yote mawili. Nintendo Switch inashika yote, ila kituo chake cha kuchomekea kwenye TV hakikuwa na tundu la kebo hadi toleo la OLED la 2021. La kabla ya hapo linataka adapta ya USB.

Jambo lingine dogo linalopoteza saa nzima: ruta ikiwekwa kwenye usalama wa WPA3 peke yake, mashine za zamani hugoma kuingia hata neno la siri likiwa sahihi. Weka WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Nilivyopima

Vigezo vyangu ni vitano, na nimevipanga kwa uzito ninaoupa mimi: uthabiti, kasi, kuta na kazi ya kufunga, gharama, halafu umeme na radi. Anayecheza peke yake michezo ya hadithi aipandishe kasi juu ya uthabiti, maana yeye anahitaji mtandao wa kupakua tu.

Uthabiti

Gemu la mtandaoni halihitaji mtandao mpana. Linahitaji mtandao usioshtuka. Mechi ya mpira ikipata milisekunde 60 muda wote utaizoea na kucheza vizuri. Ikipata 20, 20, 20, 400, utapiga pasi kwa mtu ambaye hayupo.

Kebo hapa inakaa peke yake. Kwenye nyumba yetu ilirudisha majibu ya chini ya milisekunde 1, na haikuruka hata mara moja kwa dakika kumi tulizoangalia. Haijali jirani ana ruta ngapi wala maikrowevu imewashwa.

Wi-Fi ya moja kwa moja inategemea umbali na masafa. Ndani ya chumba kimoja na ruta, kwa gigahezi 5, tofauti na kebo unaiona kwenye namba tu, mkononi huihisi. Kwa 2.4 mambo hubadilika. Masafa hayo yamebeba maikrowevu, spika za bluetooth, ruta za majirani wote, na pedi ya PS yenyewe, kwa kuwa nayo inatumia bluetooth. Kama huna budi kutumia 2.4, ingia kwenye mpangilio wa ruta uchague chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu ndizo zisizoingiliana, uache ile ya "otomatiki". Kwetu hatua hiyo peke yake ilipunguza mishtuko, japo haikuimaliza.

Ripita huongeza kituo njiani. Kila ujumbe unapokelewa, unarushwa tena. Ikiwekwa mahali pazuri, mishtuko mikubwa ya ukuta hupotea na nafasi yake huchukuliwa na ucheleweshaji mdogo wa kudumu, ambao kwa mchezaji ni nafuu. Ikiwekwa vibaya, inakuza ubovu. Nitarudi hapo.

Hotispoti ya simu ina faida moja ambayo watu hawaihesabu: simu unaiweka juu ya meza ya TV, sentimita thelathini toka kwenye PS, kwa hiyo safari ya pili inakuwa fupi kuliko zote. Hasara yake ni kwamba simu ni simu. Kama laini yako haijawashiwa kupiga kupitia 4G, simu ikipigwa mtandao hushuka hadi 3G au 2G mpaka muishe kuongea. Mpwa wangu alikuwa anaongoza mbili bila, mama yake akapiga kuuliza kama amekula. Mechi ikafia hapo.

Kitu kimoja njia zote tatu zinazopitia ruta zinashindwa sawasawa: mtu mwingine ndani ya nyumba akipakua filamu, foleni hujengeka kwenye ruta na milisekunde hupanda kwa wote, aliye na kebo na asiye nayo. Dawa yake ni kuweka kikomo cha kasi kwa kifaa hicho kwenye ruta, kama ruta inaruhusu. Au kumwomba dada yako asubiri. Njia ya pili ni ngumu zaidi.

Kasi

Kasi ina maana siku ya kupakua. Michezo mingi mikubwa ya sasa huanzia gigabaiti 50 na kupita 100. Tupige hesabu: gigabaiti 50 ni megabiti 400,000. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde utasubiri muda wa saa 11 hivi. Kwa megabiti 40, chini ya saa 3.

Kebo ya kawaida ya Cat5e hubeba hadi gigabiti 1 kwa sekunde, zaidi ya bando lolote nililowahi kununua. Wi-Fi ya gigahezi 5 chumba kimoja na ruta nayo itakupa karibu chote kinachoingia ndani ya nyumba. Wi-Fi ya 2.4 nyuma ya kuta mbili ndiyo inayokula: tulikuwa tunapata megabiti 30 chumba cha nyuma, sebuleni 7 au 8.

Ripita ya masafa mamoja hupokea na kurusha kwa redio ile ile, kwa hiyo hugawa kasi karibu nusu. Niliponunua ya kwanza sikujua hilo, na muuzaji hakuona sababu ya kuniambia. Tafuta yenye masafa mawili, na yenye tundu la kebo pembeni, ili PS uichomeke humo badala ya kuirudisha tena hewani. Ruta ya pili iliyoletewa kebo toka kwenye ya kwanza haina ugonjwa huu kabisa.

Hotispoti hutegemea simu. Simu nzuri ya 4G inashindana na ruta ya laini bila aibu. Ila ikikaa saa nyingi inachemka, na simu iliyochemka hujipunguzia nguvu. Iondoe kwenye kava, iweke juu ya sakafu ya saruji. Kwa baridi ya Makambako na Njombe hili si tatizo kubwa.

Kuta, umbali na kazi ya kufunga

Nyanda za juu tunajenga kwa matofali ya kuchoma, na tunajenga nene, kwa sababu ya baridi. Ukuta mmoja wa tofali uliopigwa lipu pande zote mbili huikata Wi-Fi ya gigahezi 5 vibaya sana, miwili huimaliza. Ukuta mbichi ni mbaya zaidi, kwa sababu maji hunyonya mawimbi haya. Jamaa mmoja wa Ilomba alihamia nyumba ambayo lipu haijakauka, akalalamika Wi-Fi mwezi mzima, kisha ikajitengenezea yenyewe. Mabati juu nayo huzuia mawimbi ya mnara yasiingie kirahisi, ndiyo maana ruta ya laini lazima ikae dirishani, na dirisha lenyewe mara nyingi haliko sebuleni. Hicho ndicho chanzo cha kesi nyingi ninazoitiwa.

Kwa Wi-Fi ya moja kwa moja, kazi ya kufunga ni kuhamisha vitu. Ruta itoke nyuma ya TV, TV ni bati. PS itoke ndani ya kabati lililofungwa. Ruta ipande juu, usawa wa kichwa au zaidi. Milango ikiwa wazi mawimbi hupita hapo, si lazima yatoboe tofali. Kabla ya kutoa hata senti tano, fanya hayo.

Kebo ndiyo yenye kazi. Kikomo chake ni mita 100, kwa hiyo nyumba ya kawaida haina wasiwasi. Swali ni itapita wapi. Sisi tuliipandisha juu ya fremu ya mlango, tukaiingiza ndani ya dari, ikashukia nyuma ya TV: mita 18 kwa jumla. Ndani ya dari kuna panya. Kama unawajua panya wa msimu wa mahindi, pitisha kebo ndani ya bomba la plastiki la umeme, lile jembamba. Nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki matundu, ipitishe chini pembeni mwa ukuta na kuibana kwa vibanio vya misumari; mlango utafungika bado.

Na angalia shaba. Kebo nyingi zinazouzwa kwa mita ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Mwambie muuzaji akukatie kipande, toa waya mmoja, kwangua kwa ncha ya kisu. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukigeuka mweupe, ni aluminiamu: itafanya kazi kwa umbali mfupi, lakini hukatika ukiikunja, na vichwa vyake hulegea mapema. Fundi akibana vichwa, mwambie apange rangi hivi pande zote mbili: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Waya wa bluu au wa kahawia ukishindwa kugusa, kebo bado itafanya kazi, ila kwa megabiti 100 badala ya 1,000, na hutajua kwa nini.

Ripita inafungwa kwa dakika tano na ndiyo sababu inapendwa. Kosa ni kuichomeka pale ambapo mtandao haufiki, pembeni mwa PS. Pale haina cha kurudia. Ichomeke katikati, mahali ambapo simu yako bado inasoma vizuri Wi-Fi ya ruta. Kwetu ilikuwa koridoni, kwenye soketi ya pasi. Kama una ruta ya zamani iliyolala kabatini, hiyo nayo inaweza kuwa kituo cha pili: zima ugawaji wa anwani, yaani DHCP, ibadilishe anwani yake isigongane na ya kwanza, kisha chomeka kebo toka tundu la LAN la ya kwanza hadi tundu la LAN la ya pili. Usiiache ikijifanya mkuu wa mtandao wake yenyewe, maana PS itakuwa nyuma ya milango miwili na maongezi ya sauti na wenzako yatakatakata.

Hotispoti haina cha kufunga. Ila kwa PS4 nene ingia kwenye mpangilio wa hotispoti uchague gigahezi 2.4, kwenye iPhone ni ile swichi ya kuongeza upatanifu. Bila hivyo mashine haitaiona simu.

Hapo hapo niseme la NAT, yaani vifaa vingi kutoka nje kwa anwani moja, maana huulizwa sana. PS ikijaribiwa mtandao huonyesha aina 1, 2 au 3, na 3 ndiyo inayosumbua kualika watu na kuongea nao. Mitandao ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo kwenye ruta ya laini na kwenye hotispoti unaweza kukwama kwenye 3 hata ufungue milango yote ya ruta. Kubadilisha Wi-Fi kuwa kebo hakugusi hilo.

Gharama na bando

Wi-Fi ya moja kwa moja ni bure kama ruta ipo. Kebo ni ununuzi wa mara moja. Ile yetu pamoja na vichwa ilikuwa rahisi kuliko ripita ya masafa mawili. Ripita na kebo haviongezi matumizi ya bando.

Hotispoti haikugharimu kifaa, inakugharimu kimya kimya. Mechi yenyewe hula kidogo. Michezo mingi haifiki hata megabaiti 200 kwa saa. Kinachomaliza bando ni PS kuamka usiku na kupakua masasisho bila kukuuliza, gigabaiti kadhaa kwa mpigo. Kabla ya kuunganisha simu ingia kwenye mpangilio, sehemu ya mfumo, uzime upakuaji wa kiotomatiki. Sisi tulizima baada ya bando la wiki kuisha Jumanne asubuhi. Kwa kupakua michezo mizima, ama subiri bando la usiku, ama beba mashine hadi kwa mwenye faiba.

Umeme na radi

Umeme ukikatika PS imezima, kwa hiyo usiniambie hotispoti ina faida hapo. Tofauti iko kwenye ule umeme unaopepesa kwa sekunde moja. Ruta na ripita zikizimika huchukua dakika moja au mbili kurudi, na ripita husubiri ruta kwanza. Zipo UPS ndogo za ruta, yaani betri za akiba, zinazotoa volti 12. Zinasaidia mtandao, ingawa PS bado itahitaji UPS yake.

Radi ni habari nyingine. Tukuyu na Rungwe yote kuna mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na Mbeya mjini Novemba hadi Aprili tunaipata pia. Kebo ndefu ya shaba ni mkono unaoinyooshea radi. Si lazima ikupige. Ikipiga karibu tu, waya hukusanya mshtuko. Rafiki yangu wa Tukuyu alivuta kebo toka nyumba kubwa hadi nyumba ya uani, juu ya mabati. Mvua moja ya Desemba, asubuhi yake tundu la kebo la PS lilikuwa limekufa. Mashine ilikuwa nzima, Wi-Fi yake nzima, tundu ndilo limekwenda. Ndani ya nyumba moja hatari ni ndogo, lakini bado mawingu yakianza kunguruma ng'oa kichwa cha kebo, si plagi ya umeme peke yake. Kati ya nyumba na nyumba, kama unaweza, tumia faiba yenye viunganishi vyake pande zote mbili: kioo hakipitishi umeme.

Katika hili Wi-Fi na hotispoti ndizo salama zaidi. Hakuna waya wa kuunganisha mashine na ruta.

Ukichagua kwa hali yako

Ruta na TV viko chumba kimoja: tumia Wi-Fi ya gigahezi 5 kama mashine inaishika, uache fedha mfukoni. Kama ni PS4 nene au PS3, kebo ya mita 2 itakupa raha zaidi kuliko kitu kingine chochote kwa bei hiyo.

Nyumba yako mwenyewe, ruta chumba cha nyuma, anayecheza anacheza mechi za mashindano kila jioni: kebo kupitia dari. Fanya kazi hiyo mara moja, kwa shaba, ndani ya bomba.

Nyumba ya kupanga, mkali ni mwenye nyumba, ukuta ni mmoja: jaribu kwanza kuhamisha ruta na kubadili chaneli. Ikishindikana, ripita ya masafa mawili yenye tundu la kebo. Utaondoka nayo siku ukihama.

Kuta mbili au zaidi, na watu wengi ndani wanaotaka Wi-Fi huko mbele pia, si PS tu: ruta ya pili iliyoletewa kebo. Kazi ni ile ile ya kebo, faida inawafikia wote, na PS inachomekwa kwenye ruta hiyo.

Unacheza michezo ya peke yako na mtandao unautaka mara moja kwa mwezi: Wi-Fi yoyote uliyonayo, washa ikipakua, nenda kalale.

Kibanda cha gemu chenye mashine nne au tano: Wi-Fi isahau. Nunua swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kugawa kebo, ya matundu manane na kebo fupi, kwa kuwa mashine tano kwenye 2.4 ndani ya chumba kimoja zitagombana zenyewe kwa zenyewe kabla hata ya jirani.

PS iko nyumba ya uani, mwezi ni Januari, uko Tukuyu: hotispoti ya simu au ripita dirishani hadi mvua zipungue, kisha fikiria faiba.

Na mtu wa kuhamahama, chumba kimoja Iringa mjini wakati wa masomo, kwa mjomba wakati wa likizo: hotispoti, upakuaji wa kiotomatiki umezimwa, laini ya pili ya bando tupu ambayo mama hana namba yake. Mpwa wangu alipoondoka alibeba pia kebo ya mita 3 niliyombania vichwa mwenyewe. Aliiviringishia kwenye sweta ya tatu, ile ya kwangu.